Mchwa Katika Nyumba za Jangwani: Tafuta Maji Kabla ya Kutafuta Sumu

Kijana mwenzangu, hebu fikiria jambo hili. Uko Lodwar, au Marsabit, au Garissa. Mvua haijanyesha kwa miezi mingi. Mchana mchanga unachoma hadi unausikia kupitia kandambili. Umesikia kuna kazi imetangazwa, kwa hiyo unainama uvute katoni iliyo chini ya kitanda utoe cheti chako cha kidato cha nne. Unavuta, katoni haisogei. Imeshikana na sakafu. Unaongeza nguvu, unabaki na kipande cha karatasi mkononi. Chini kuna udongo mbichi na wadudu weupe wanakimbia huku na huku. Mchwa!

Mtu wa kwanza utakayemweleza atakuambia, "Nenda agroveti ununue sumu, umwage." Wa pili atakushauri umwage oili chafu ya gari. Wa tatu anayo dawa tayari, iko kwenye chupa ya soda. Haina jina, alipewa na mtu fulani, lakini ati ni kali kweli kweli.

Ngoja kwanza. Mchwa hawezi kuishi bila unyevu. Jangwani, unyevu huo mara nyingi ni sisi wenyewe tunaompa. Ukimnyima maji na ukamfungia njia, umeshinda sehemu kubwa ya vita hata kabla hujatumia senti moja. Lakini sumu unayomwaga kwa haraka inaweza kuwadhuru watu wa nyumba kuliko mchwa alivyoidhuru nyumba yenyewe.

MCHWA NI NANI HASA?

Watu wengi hudhani mchwa ni aina ya sisimizi. Sivyo. Jamaa yake wa karibu ni mende! Kama mende, anapenda giza na unyevu.

Mchwa huishi kwa jamii kubwa, kila kundi na kazi yake. Wafanyakazi ndio wale weupe wenye ngozi laini. Hao ndio wanaokula nguzo, mlango na katoni yako, kisha wanawalisha wenzao. Askari wana vichwa vikubwa vya rangi ya kahawia na meno makali ya kulinda kiota. Yuko mfalme, na yuko malkia mwenye tumbo kubwa kama kidole. Malkia wa mchwa wakubwa wanaojenga vichuguu anaweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku moja. Ndiyo maana ukiwaua mia mbili waliokuwa chini ya katoni, wenzao hata hawatambui pengo.

Kundi la mwisho ni kumbikumbi, wale wenye mabawa wanaoruka baada ya mvua. Hao ni vijana wa kiume na wa kike wanaotoka nyumbani kwenda kuanzisha makao mapya. Wakitua hudondosha mabawa, kila dume na jike wake hutafuta ufa au udongo laini, na hapo kiota kipya kinaanza.

Mchwa wengi wa Afrika Mashariki wanaojenga vichuguu ni wakulima. Wanabeba vipande vya mbao na nyasi hadi chini ya ardhi, wanavitengeneza kuwa shamba la kuvu, halafu wanakula mavuno yao. Uyoga mkubwa unaoota kwenye kichuguu baada ya mvua hutoka kwenye shamba hilo.

Tena tusimseme mchwa kwa ubaya tu. Katika nchi kavu, yeye ndiye anayezika samadi na nyasi zilizokufa na kutoboa udongo ili maji ya mvua yaingie. Bila yeye malisho yetu yangekuwa maskini zaidi. Shida huanza anapoingia ndani ya nyumba.

JANGWANI ANAPATA WAPI MAJI?

Lodwar hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka. Ngozi ya mchwa ni nyembamba. Ukimwacha juani anakauka na kufa upesi. Anaishije basi?

Kwanza, haishi juu. Anachimba mita nyingi kwenda chini, mahali penye ubaridi na unyevu. Juu huja usiku, au wakati wa mawingu, au baada ya mvua.

Pili, anapolazimika kupita mahali pakavu, hujenga paa. Anachanganya udongo na mate, anatengeneza kijia kama bomba, wakati mwingine chembamba kama penseli. Ndani ya kijia hicho kuna giza na unyevu, na jua halimfikii. Ukiona mstari wa udongo umepanda ukutani, ujue hiyo ni barabara yake.

Usifikiri ukavu peke yake utakulinda. Katika jangwa la Sonora, jimbo la Arizona huko Marekani, wako mchwa wanaojenga vijia vinavyoning'inia kutoka darini kama kamba, huku nje ni jua na vumbi. Jangwa halimfukuzi mchwa. Linamfanya atafute maji kwa bidii zaidi.

Sasa tazama nyumba yako kwa macho yake. Ardhi yote imekauka, isipokuwa mahali pamoja. Hapo kuna jerikeni linalovuja kando ya mlango, bafu la makuti ambalo maji yake yanaishia kwenye msingi, na beseni la vyombo linalomwagwa nyuma ya jikoni kila jioni. Sukumawiki mbili tatu zimepandwa ukutani ili zipate kivuli. Bomba la tangi nalo linadondosha tone, tone, tone usiku kucha.

Kwetu ni maji machafu tu. Kwa mchwa, hiyo ni chemchemi! Na kando ya chemchemi kuna chakula: nguzo, fito, makuti ya mkoma, katoni na mbao za kitanda.

JINSI YA KUMTAMBUA

Kabla ya kupigana, mjue adui. Wadudu wanaoharibu mbao si mchwa wa ardhini peke yao.

Tazama vijia vya udongo. Zunguka nyumba asubuhi. Angalia msingi, pembe za kuta, nyuma ya kabati, kando ya fremu ya mlango, na mahali nguzo inapoingia ardhini. Ukikuta kijia, vunja kipande cha urefu wa kidole katikati, kisha ukiache. Rudi baada ya siku tatu au nne. Kikiwa kimezibwa kwa udongo mpya, mchwa wapo na wako kazini. Kikibaki wazi, huenda wamehama, lakini endelea kukagua.

Gonga mbao. Tumia mpini wa kisu. Mbao nzima hulia "ko, ko". Iliyoliwa hulia kama ngoma. Mchwa huacha ganda la nje likiwa zuri, hata rangi haijabanduka, huku ndani ni udongo na matundu. Dunga kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, mbao hiyo imekwisha.

Chunguza vumbi. Ukikuta unga laini mkavu chini ya kiti au boriti, pengine ni wadudu watoboaji mbao. Ukikuta vijipunje vigumu kama chembe za mchanga, huenda ni mchwa wa mbao kavu, ambaye huishi ndani ya mbao yenyewe bila kugusa ardhi. Huyo anajulikana sana pwani. Mchwa wa ardhini huacha udongo, haachi unga wala punje.

Tofautisha kumbikumbi na sisimizi mwenye mabawa. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana urefu, papasi zilizonyooka kama uzi wa shanga, na hana kiuno. Sisimizi ana kiuno chembamba, papasi zilizopinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi waliokuja kwenye taa kutoka nje si ajabu. Lakini ukiwaona wanatoka kwenye ufa wa sakafu au ukuta, kiota kiko chini yako.

VITA BILA SUMU: HATUA SITA

1. Kausha kando ya nyumba. Peleka maji ya kuoga na ya vyombo mbali na ukuta kwa mfereji, yaende kwenye mche wa mti au bustani iliyo mbali. Ziba bomba linalovuja. Weka jerikeni juu ya jiwe au meza. Hamisha sukumawiki. Hatua hii haina gharama kubwa, na maji yenyewe unayaokoa.

2. Achana na mchanga ukutani. Upepo wa jangwani hukusanya mchanga kwenye kuta hadi unafunika msingi. Hapo mchwa anapanda ndani kwa siri, hahitaji hata kujenga kijia cha kuonekana. Uondoe. Acha angalau sentimita 15 za msingi zionekane pande zote. Usipomwona adui akipanda, huwezi kumzuia.

3. Tenganisha mbao na udongo. Nguzo isimame juu ya jiwe au zege. Kama unajenga upya, mwombe fundi aweke bati juu ya msingi kabla ya ukuta, ukingo wake ujitokeze nje na kupinda kuelekea chini. Bati haliui mchwa, ila linamlazimisha kupita nje kwenye mwanga, nawe utamwona.

4. Inua vitu vyako. Katoni, magunia ya mahindi, vitabu na godoro visikae sakafuni. Tengeneza jukwaa la mawe au matofali, na liwe mbali kidogo na ukuta. Vyeti na kitambulisho viweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la bati, na sanduku lenyewe juu ya matofali. Kuni zisiegemezwe nyumbani. Ziweke mbali, juu ya mawe.

5. Vunja vijia kila wiki. Chukua ufagio mgumu au fito, bomoa kila kijia, halafu ziba ufa kwa simenti au udongo uliokandwa vizuri. Wale watakaobaki nje, sisimizi watawamaliza wenyewe. Kazi hii ni ya dakika kumi Jumamosi asubuhi, lakini usipoirudia haina maana. Mchwa hachoki. Wewe pia usichoke.

6. Chagua mbao. Kiini cha mti, ile sehemu ya ndani yenye rangi nzito, hustahimili zaidi kuliko sehemu ya nje nyeupe. Nguzo za mutarakwa zinajulikana kudumu ardhini miaka mingi; hakikisha tu zimekatwa kwa kibali. Ziko pia nguzo za kiwandani zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani kibichi. Nyingi zina shaba, kromi na aseniki. Hizo ni nzuri kwa ukuta, lakini vipande vinavyobaki USIVICHOME kama kuni. Moshi na majivu yake ni sumu.

Je, majivu na mwarobaini? Wazee wetu wamevitumia, na husaidia kidogo kumfukuza mchwa kwa muda. Si kinga ya kudumu. Mvua ikinyesha, au upepo ukipuliza, inabidi urudie.

USISAHAU CHOO

Ukuta ulioliwa utauona ukiinama. Lakini sakafu ya choo cha shimo iliyojengwa kwa magogo na kufunikwa udongo haikupi onyo. Juu ni udongo mgumu uliosawazishwa, chini magogo yanaliwa, tena shimo lenyewe lina unyevu mchwa anaoupenda. Siku moja mtoto anaingia, au nyanya yako mzee anaingia na fimbo yake, na sakafu inaporomoka.

Kwa hiyo choo kiwe cha kwanza katika ukaguzi wako. Chukua mti mrefu, simama nje, gonga sakafu yote. Tazama kama imebonyea, imepasuka, au kuna vijia vipya pembeni. Ukiwa na shaka, funga choo hicho leo na mtumie cha jirani hadi kitengenezwe. Suluhisho la kudumu ni sakafu ya zege yenye nondo, au sakafu ya plastiki iliyotengenezwa kiwandani. Kama familia inaweza kununua mifuko michache tu ya simenti mwaka huu, ianze na choo, halafu sebule.

KICHUGUU NA KALA-AZAR

Mchwa hamwambukizi mtu ugonjwa. Lakini nyumba yake ina mpangaji hatari.

Katika maeneo makavu kama Turkana, Baringo, Pokot Magharibi, Marsabit na Wajir kuna ugonjwa wa kala-azar. Unaletwa na kijidudu kinachosambazwa na nzi wa mchanga, ambaye wengine humwita usubi. Ni mdogo kuliko mbu, haimbi sikioni, na huuma kuanzia magharibi hadi usiku. Mchana hujificha mahali penye giza na unyevu, na mojawapo ya maficho yake makubwa ni matundu ya hewa ya vichuguu.

Sasa fikiria vijana wachunga mbuzi. Jua likitua, wapi pazuri pa kukaa na kupiga soga? Juu ya kichuguu! Na hapo ndipo nzi wa mchanga anaamka.

Dalili za kala-azar ni homa isiyoisha kwa wiki mbili au zaidi, kukonda, kukosa damu, kuishiwa nguvu, na tumbo kuvimba upande wa kushoto kwa sababu ya wengu. Bila matibabu, karibu kila anayeupata hufa. Kwa matibabu, wengi hupona. Kipimo chake cha haraka kinahitaji tone la damu tu. Kwa hiyo, kama umemeza dawa za malaria na homa haijaisha, usiendelee kubahatisha. Nenda hospitali useme wazi: "Naishi sehemu yenye vichuguu, homa ina wiki mbili, naomba nipimwe kala-azar."

Jikinge hivi: usikae wala kulala karibu na kichuguu jioni, usijenge nyumba kando yake, na lala ndani ya chandarua chenye dawa. Chandarua kisicho na dawa hakitoshi, maana mdudu huyu anaweza kupenya matundu yake. Na usikimbilie kuchimba kichuguu ili umtoe malkia. Ndani ya vichuguu vya zamani hukaa nyoka, na baadhi ya mchwa huweza kupata malkia mwingine.

KAMA NI LAZIMA UTUMIE SUMU

Wakati mwingine hatua zote sita hazitoshi, hasa kama kiota kiko chini ya nyumba. Basi zipo dawa. Lakini elewa kwanza historia yake.

Zamani watu walimwaga aldrini na dieldrini kwenye misingi ya nyumba. Walizipenda kwa sababu zilikaa ardhini miaka mingi. Kumbe ubora huo ndio uliokuwa ubaya wake. Hazikuisha! Ziliingia kwenye chakula, zikajikusanya katika mafuta ya mwili, zikapita hadi kwenye maziwa ya mama. Mwaka 2001 nchi nyingi zilikubaliana mjini Stockholm kuziondoa kemikali za aina hii, na mkataba huo ukaanza kazi mwaka 2004. Kati ya kemikali 12 za kwanza zilikuwemo aldrini, dieldrini, klordani, heptaklori na mireksi. Zote ziliwahi kutumiwa kuua mchwa. Mwaka 2025 klorpirifosi nayo iliongezwa kwenye orodha, ingawa matumizi machache yaliruhusiwa kwa muda.

Kwa hiyo mtu akikuambia ana "ile dawa ya zamani, kali kabisa, haiishi miaka ishirini", hiyo si sifa. Ni sababu ya kuikataa.

Oili chafu ya gari je? Huchafua udongo, ina madini na kemikali zenye madhara, na ukiigusa mara kwa mara inadhuru ngozi. Nyumbani, karibu na watoto na kuku, haifai.

Ukiamua kutumia dawa, shika haya:

- Nunua iliyofungwa vizuri, yenye lebo na namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosajili dawa za wadudu Kenya. Lebo iseme ni ya mchwa. Dawa ya kupe wa ng'ombe si ya msingi wa nyumba.

- Kutibu udongo chini ya nyumba ni kazi ya mtu aliyefunzwa na mwenye leseni. Wakati mzuri ni kabla ya kumwaga zege. Ziko pia dawa za chambo, ambazo mchwa huzibeba wenyewe hadi kiotani. Hizo huchukua muda kufanya kazi, lakini sumu inayotumika ni kidogo.

- Kamwe usimwage karibu na kisima, bomba, au vile visima vya mchanga tunavyochimba kwenye laga. Sumu ya leo ni chai ya kesho.

- Vaa glavu za mpira, buti, nguo ya mikono mirefu, miwani na kinga ya pua na mdomo. Usile, usinywe, usivute sigara ukiwa kazini. Ukimaliza oga kwa sabuni, na nguo zifuliwe peke yake.

- Watoto, mama mjamzito na mifugo wakae mbali kwa muda uliotajwa kwenye lebo.

- USIHAMISHE sumu kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano. Mtoto haoni sumu, anaona soda.

- Kopo likiisha, lisuuze mara tatu, mimina maji hayo ndani ya pampu ya dawa, kisha litoboe. Lisiwe la maji, wala la maziwa ya ngamia, wala la kupimia unga.

Neno kwa vijana wa kibarua: mtu akikupa pampu na dawa bila glavu, bila lebo, na kukuambia "wewe nyunyiza tu, ni kidogo," una haki ya kukataa. Na kama hujafika miaka 18, kazi hii si yako kabisa. Hizo pesa ni za siku moja, lakini mapafu ni ya maisha.

SUMU IKIMPATA MTU

Dalili za baadhi ya sumu hizi ni kutokwa na mate na jasho jingi, macho kutoa machozi, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya pini, kutapika, kuharisha, misuli kutetemeka, na kupumua kwa shida. Usingoje zote zitokee. Fanya hivi:

Mtoe kwenye sumu, mpeleke penye hewa safi. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi ili isikupate na wewe. Mvue nguo zilizolowa. Mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Kama imeingia machoni, mmiminie maji safi kwa dakika 15 au zaidi. Akiwa amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Mkimbize hospitali, na ubebe kopo au lebo ya sumu hiyo, maana daktari atachagua matibabu akijua jina lake. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuogopa chupa isiyo na jina.

MASWALI AMBAYO VIJANA HUULIZA

Je, naweza kula kumbikumbi waliotoka kwenye nyumba yetu?
Kumbikumbi ni chakula kizuri chenye protini, mafuta na madini ya chuma. Lakini kama nyumba au kichuguu kimewahi kutiwa dawa, usile. Wala usiwaokote kwenye sakafu iliyopulizwa dawa ya mbu. Waokote kwenye kichuguu unachojua kiko salama, wakaange vizuri.

Dada yangu ni mjamzito, anakula udongo wa kichuguu. Ni vibaya?
Hamu ya udongo ni jambo la kawaida kwa wajawazito, msimcheke. Lakini udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo, madini mabaya, au mabaki ya sumu ya mchwa. Mwambie amweleze muuguzi kliniki. Huenda anakosa damu na anahitaji vidonge vya madini ya chuma.

Baba anasema nikishaua mchwa niache, kazi imekwisha. Ni kweli?
Mzee ana haki ya kuchoka. Lakini mchwa wa jirani watarudi kesho maji yakiendelea kumwagika ukutani. Mwambie kwa heshima: "Baba, dawa nimeweka, lakini naomba tuhamishe bafu."

JUMAMOSI HII

Usingoje mwezi ujao. Jumamosi hii asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, mwite ndugu yako au rafiki. Zungukeni nyumba. Gongeni sakafu ya choo mkiwa nje. Tafuteni vijia, vunjeni kimoja katikati na kuweka alama. Ondoeni mchanga ukutani. Tafuteni mahali maji yanapomwagika, myapeleke kwingine. Inueni katoni zote, na vyeti viingie kwenye sanduku la bati juu ya matofali.

Halafu ingia jikoni na sebuleni, tafuta kila chupa isiyo na jina. Ukiikuta yenye sumu, usiimwage chooni wala kwenye laga. Ifungie mahali watoto hawafiki, iandike SUMU kwa herufi kubwa, kisha umuulize afisa wa afya au wa kilimo aliye karibu jinsi ya kuiondoa. Katika nyumba yenye watoto, chupa hiyo ni hatari kuliko mchwa wote walio chini ya sakafu.